Bi Wanza wa Mizani: Maisha ya Philomena Wanza Kitsao, Aliyepima Abiria wa Uwanja wa Kidzumbani

Waombolezaji wapendwa, marehemu aliacha maagizo mawili juu ya maneno haya: yawe mafupi, na yawe ya kweli. Agizo la kwanza limetushinda kidogo, mtatusamehe. La pili hatukuthubutu kulivunja, kwa sababu ndani yake mna jina la mtu mwingine ambaye bado yu hai, na Bi Wanza alitaka jina hilo lisafishwe mbele ya watu kabla yeye hajafukiwa.

Philomena Wanza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kibwezi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Nzioki Muia na marehemu Mama Kalekye. Mzee Nzioki alikuwa mfanyakazi wa reli, na mwaka 1964 alihamishiwa Mombasa pamoja na familia yake. Wakakaa karibu na Makupa, ukuta kwa ukuta na majirani Waswahili. Huko ndiko Wanza alikojifunza kuamkia wakubwa kabla ya kusema shida yake, kutopita mbele ya mtu mzima bila kuomba njia, na kutotaja kasoro ya mtu mbele ya watu wengine. Mama Kalekye alizoea kulalamika huku akicheka: "Huyu nilimzaa Mkamba, majirani wakanifanyia Mswahili. Sasa hata kuku wa kuchinja humwomba radhi."

Alisoma shule ya msingi upande wa Tudor kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne, mwaka 1978. Hesabu zilimkaa kichwani bila taabu. Hata hivyo, akiwa darasa la sita, mwalimu aliwaagiza wanafunzi wabadilishane madaftari na kusahihishana, na Wanza akampa rafiki yake alama tisa ambapo alistahili nne. Mwalimu alipomwita mbele kujieleza, alisema, "Alikuwa ameanza kulia, mwalimu." Hakuchapwa. Mwalimu alimtazama tu, akamwambia, "Wanza, huruma yako ikae mbali na kalamu yako." Kisa hicho alikisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila mara alikiri kwamba hakuyazingatia maneno yale mapema vya kutosha.

Baada ya kozi ya uchapaji, mwaka 1980 aliajiriwa na kampuni moja ya uchukuzi huko Shimanzi, akipiga taipu karatasi za malori. Ni hapo alipokutana na Bonface Kitsao, kijana wa Kaloleni aliyeendesha foklifti katika ghala la jirani. Bwana Kitsao alikuja dirishani siku baada ya siku akiomba apigiwe taipu barua ya kumjulia hali mama yake. Baada ya barua ya tano Wanza alimwuliza, "Kwani mama yako anajua kusoma?"

"La," akajibu Kitsao. "Lakini wewe wajua kuandika."

Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1987, siku ya Jumamosi, wakajaliwa watoto wawili, Ronny mwaka 1990 na Wendy mwaka 1997. Waliishi Tudor katika nyumba ile ile ya ghorofa ya pili tangu siku ya harusi hadi leo.

Kampuni ya Shimanzi ilipofungwa, tarehe 3 Juni 1991 Bi Wanza alianza kazi katika uwanja mdogo wa ndege wa Kidzumbani, upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa. Kwa waliokuja kuujua uwanja huo ukiwa na chumba cha kusubiri chenye feni na vyoo vya vigae ni vigumu kuwaza ulivyokuwa siku hizo. Palikuwa na banda la makuti, bomba moja la maji ambapo abiria walitawadha na gari la zimamoto likajazia tangi lake, mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo, na mlinzi mmoja, Mzee Masha, ambaye kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuwaondoa mbuzi kwenye njia ya kurukia. Njia yenyewe ilikuwa fupi, na mwisho wake palisimama safu ya mivinje mirefu.

Ndege zilizotua hapo zilibeba watu kumi na wawili. Katika ndege ya namna hiyo haupimwi mzigo peke yake. Hupimwa pia mwenye mzigo. Rubani hujumlisha kilo zote, na kwa jumla hiyo hujua atie mafuta kiasi gani, na atahitaji njia ndefu kiasi gani kabla magurudumu hayajaiacha ardhi. Mizani ya Kidzumbani ilikuwa ya jukwaa la mbao, iliyonunuliwa kutoka ghala la mbata za nazi, na aliyekuwa akiisimamia kabla ya Bi Wanza alisoma kilo za watu kwa sauti kama mnadi wa mnada. Foleni nzima ilisikia, na foleni nzima ilicheka.

Siku yake ya kwanza, Bi Wanza aliigeuza mizani ile ili uso wake umwelekee yeye peke yake. Akasoma kwa macho, akaandika kwenye kikaratasi, akakikunja. Tangu hapo hakuna abiria aliyesikia uzito wake wala wa mwenziwe. Watu walimpenda kwa hilo. Bwana Abdulghafur, mfanyabiashara wa manukato wa Mji wa Kale ambaye Mungu alimjalia mwili, alisafiri kwenda Lamu kila mwezi, na kila mwezi alipanda mizani akiwa amebana kifua.

"Pumua, Bwana Abdulghafur," Bi Wanza alimwambia. "Pumzi haina kilo."

"Basi niandikie nusu, Mama Ronny."

"Na nusu ya pili nimpakatishe nani?"

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka kumi na tisa bila lawama. Sasa tunafika kwenye siku aliyotaka isemwe.

Alhamisi, tarehe 30 Septemba 2010, walifika uwanjani wanawake wanane wa ukoo mmoja wa Mji wa Kale, wakienda Lamu kwenye harusi. Aliyewaongoza alikuwa Bi Mwanabaraka, nyanya yake bibi harusi, mwanamke wa miaka sabini na mbili, mnene, mwenye haiba ya kufanya chumba kizima kinyamaze. Bi Wanza alimwamkia, akamwonyesha jukwaa. Bi Mwanabaraka akalitazama juu hadi chini.

"Hii si mizani ya mbata hii?"

"Ndiyo, bibi. Ni dakika moja tu."

"Mwanangu, mimi nimeozesha watoto tisa. Yeo nisimamishwe mbele ya wanaume nipimwe kama gunia? Sipandi."

Banda lilikuwa limejaa. Wapagazi walikuwa wakitazama. Bi Wanza alikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kusema, bila mizani hakuna safari. Alilijua vizuri kama jina lake. Lakini aliuona uso wa mama mtu mzima umeanza kuiva kwa haya, na mafunzo yote ya Makupa yakamshika mkono. Akaandika: kilo sabini. Waliomfuata nao wakasema, ikiwa bibi hakupimwa, wao ni nani wapimwe? Akawakisia wote wanane, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, kila mmoja alimkisia chini.

Rubani alikuwa Kapteni Khubaib, kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mombasa, mwenye miezi miwili tu katika kampuni ile ya ndege. Alijumlisha alichoandikiwa, akatia mafuta, akaondoka. Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikakataa kunyanyuka. Mzee Masha aliyekuwa kwenye lango alivua kofia. Mwishoni kabisa ikapaa, ikapita juu ya mivinje na kutoweka. Abiria walifika salama. Lakini fundi wa Lamu alikuta vijitawi vibichi vya mvinje vimenasa kwenye gurudumu.

Ijumaa asubuhi Kapteni Khubaib alisimamishwa kuruka. Alieleza kwamba ndege ilikuwa nzito. Wakubwa wake wakamfungulia karatasi: kilo zimo, jumla ni sahihi, ndege haikuwa nzito. Basi akaambiwa kwamba alichelewa kuinyanyua, na kwamba kikao cha Jumatano kitaamua kama atafukuzwa, na kama leseni yake itapelekwa kuchunguzwa. Uwanjani habari ilienea haraka zaidi. Wakasema kijana alisinzia. Wengine wakasema alikuwa akichezea simu.

Nyumbani Tudor, Bi Wanza hakula siku mbili. Bwana Kitsao wakati huo alikuwa hana kazi, mgongo umeumizwa na ghala. Ronny alikuwa chuo cha ualimu, Wendy darasa la saba, na nyumba nzima iliegemea mshahara wa mizani. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Kama angesema, huenda wangemfukuza yeye. Jumapili jioni alimweleza mumewe kila kitu. Bwana Kitsao akauliza, "Huyo kijana ana mama?"

"Anaye."

"Basi unaniuliza nini?"

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba, aliingia ofisini kwa meneja wa uwanja na kusimama. "Kilo nilizoandika si za mizani," alisema. "Ni za adabu. Niliwaonea haya wale wanawake, nikakisia." Alitarajia kila jibu isipokuwa alilopewa. Meneja alitabasamu.

"Mama Ronny, sote tunajua moyo wako. Unataka kumkinga kijana wa watu. Miaka kumi na tisa hujakosea hata kilo moja, leo ukosee kilo za watu wanane? Rudi kazini."

Alisisitiza hadi sauti ikamkauka. Mwishowe meneja akamwambia, "Niletee kilo zao za kweli kabla ya kikao. Hapo nitakuamini."

Wanawake wale walikuwa wamekwisha kurudi kwa barabara Jumapili. Jumanne Bi Wanza alivaa nguo yake ya kanisani, akaenda Mji wa Kale, akauliza njia hadi mlango wa Bi Mwanabaraka. Alikaribishwa ndani, akapewa kahawa na kipande cha halua kilichobaki cha harusi.

"Ndoo, mwanangu, keti karibu. Umekuja kunisomea kilo zangu?"

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuomba radhi, kisha nikuombe jambo litakalokuudhi."

Akamweleza: mivinje, gurudumu, kijana, kikao cha kesho. Bi Mwanabaraka alisikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi, hakunywa.

"Yaani mimi nilikuwa karibu kuwaua wanangu kwa haya zangu?"

"Si wewe, bibi. Wewe ulikataa, na kukataa ni haki yako. Mimi ndiye niliyepaswa kukuacha chini. Niliogopa kukukosea heshima, nikakupandisha kwa uongo."

"Na huyo rubani ni mtoto wa nani?"

Alipotajiwa, alijua hadi babu yake alikozikwa. Akaweka kikombe chini, akaita kwa sauti iliyofika ghorofani, "Swafia! Waambie wenzio wote kesho asubuhi twenda kupimwa!"

Swafia, binti yake mkubwa, alitokeza kichwa ngazini. "Baada ya harusi, mama? Na biriani yote ile tuliyokula?"

"Hiyo biriani Mama Ronny atatutolea."

"Sitoi hata punje, bibi," alisema Bi Wanza, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akacheka.

"Vyema. Lakini nisikilize nawe. Hamkunikosea kwa mizani. Mlinikosea kwa kuiweka katikati ya watu. Mngetundika pazia tu, ningepanda zamani." Akainuka, akaingia chumbani, na mwenyewe akashusha pazia la dirisha lake, kitambaa kizito cha kijani. Akalikunja, akamkabidhi.

Jumatano, tarehe 6 Oktoba, kabla ya kikao, pazia lile lilitundikwa kwa kamba kuzunguka mizani. Wanawake wanane waliingia mmoja mmoja, na Bi Wanza akaandika walivyo. Alikuwa amewaahidi kwamba kilo ya kila mmoja itabaki kati yake na mwenyewe, kwa hiyo alimpa meneja jumla peke yake. Ilizidi ile ya Alhamisi kwa kilo mia moja sitini na tatu. Siku hiyo hiyo Kapteni Khubaib alirudishiwa kazi.

Alimtafuta Bi Wanza, akamkuta nje karibu na bomba. "Mama, niliihisi ndege mikononi ikiwa nzito," alimwambia. "Siku tano nikisema, wananionyesha karatasi. Nilikuwa nimeanza kuiamini karatasi kuliko mikono yangu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Lakini tafadhali, nisije nikaandikiwa tena kwa adabu."

Bi Wanza alisimamishwa kazi miezi mitatu, akarudi Januari 2011 kwenye mizani ile ile, na akafanya kazi hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021. Pazia halikuondolewa tena. Uwanja ulipojengwa upya, fundi aliagizwa atenge kichumba cha mizani chenye pazia, na wanawake hupimwa na mwanamke mwenzao. Wafanyakazi wapya hukiita "kwa Bi Wanza", wengine bila kujua yeye ni nani.

Hata hivyo, jambo moja halikunyooka. Kupima kule kulifanyika nyuma ya pazia, na barua ya meneja ikafungiwa kabatini. Waliokuwa bandani siku ile waliona mabuibui yakiingia na kutoka, basi. Ule uvumi wa rubani aliyesinzia ukaendelea kutembea. Bi Wanza alijaribu kuuzima kila alipoukuta, jikoni, kwenye foleni ya chai, hata kwenye sherehe yake ya kustaafu, ambako alisimama akasema kwamba mkosaji ni yeye. Watu walipiga makofi. Walisema, "Mnamwona mama huyu? Hata leo anamsitiri kijana." Heshima waliyompa ndiyo iliyowazuia kumsadiki.

Mwaka 2022 madaktari walibaini kwamba figo zake zimedhoofika. Kuanzia Februari 2023 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali moja hapa kisiwani. Alivumilia kwa utulivu, akawafariji wagonjwa wenzake, na akawafundisha wauguzi wawili kusuka vikapu, kazi aliyoirithi kwa Mama Kalekye. Bwana Kitsao alimsindikiza kila safari bila kukosa hata moja.

Mwezi wa Aprili mwaka huu, alipoona nguvu zinapungua, aliwaita watoto wake na kuwaagiza waandike wasifu huu angali anaweza kuusikiliza. Walipomsomea mara ya kwanza, ile Alhamisi haikuwemo. Aliwauliza iko wapi.

"Mama," alisema Ronny, "siku hiyo watakuwepo wakubwa wa uwanja, na kanisa, na majirani. Umefanya mema miaka thelathini. Kwa nini wakukumbuke kwa kosa?"

"Nani amekwambia nataka kukumbukwa?" alijibu. "Nikiwa hai nikisema, watu hunisifu. Wanadhani nina upole. Siku nitakapokuwa ndani ya sanduku sitakuwa na upole wala ukali, wala sitakuwa na cha kupata. Siku hiyo watanisadiki. Andikeni."

Wakaandika. Wakamsomea tena, naye akasahihisha tarehe mbili.

Alipatwa na homa kali tarehe 7 Juni 2025, akalazwa, na akaaga dunia siku ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mume wake, Bwana Bonface Kitsao, watoto wake, Ronny na Wendy, mkwewe, Kate, wajukuu wawili, Bramwel na Mbodze, ndugu wanne, wapwa wengi, na jamaa zake wa Kibwezi, Kaloleni na Tudor. Bi Mwanabaraka alimtangulia mwaka 2019. Binti yake Swafia yuko pamoja nasi leo, na familia inamshukuru.

Yuko pia Kapteni Khubaib. Hakuomba litajwe jina lake, wala hakujua kwamba litatajwa. Kapteni, mama yetu alituagiza tukuombe usimame, watu wakuone.

Basi mbele ya sanduku hili na mbele yenu nyote, tunasema kwa maneno yake mwenyewe, kama alivyoyatamka na sisi tukayaandika: "Alhamisi ile Khubaib aliirusha ndege nzito kupita uwezo wake na akawaokoa watu kumi na wawili. Hakusinzia. Hakuchelewa. Niliyekosea ni mimi, Wanza, na sikukosea kwa bahati mbaya. Nisadikini sasa."

Mwenyezi Mungu, unayemjua mja wako kuliko sisi, mpokee Philomena Wanza, na umpe pumziko la amani.